Single White Female (1992): maswali yanayojirudia kuhusu muvi ya rumeti aliyetaka kuwa wewe

Maswali haya ndo yanaulizwa kila mara mtu akimaliza kuiangalia hii muvi, na mengine yanaulizwa na wale ambao wamesimuliwa tu. Yamepangwa kuanzia ya mtu ambaye hajaiona kabisa mpaka ya wale wanaoirudia rudia. Makundi mawili ya kwanza hayaharibu utamu. Kundi la tatu linataja kila kitu, nani anakufa na nani anapona, kwa iyo kama hujaiona ishia hapo, kaiangalie, afu urudi.

## Mambo ya mwanzo

Hii muvi inahusu nini hasa?

Allie Jones ni dada anayeishi New York, kajiajiri mwenyewe, anatengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya watu wa fasheni. Ana mchumba anaitwa Sam na wanakaa pamoja kwenye apatimenti kubwa ya kizamani. Usiku mmoja simu inalia, anayepiga ni mke wa zamani wa Sam, na kwenye maongezi hayohayo Allie anagundua jamaa alilala na ex wake juzijuzi tu. Anamtimua usiku uleule. Sasa nyumba imebaki kubwa na yeye yuko peke yake, basi anaweka tangazo gazetini anatafuta mwanamke wa kukaa nae wachangie kodi.

Wanakuja wa kila aina, anayemgusa moyo ni Hedra Carlson, mwenyewe anajiita Hedy. Mpole, ana aibu, kavaa nguo za kujificha, anaonekana ni mtu asiyeweza kumdhuru hata sisimizi. Wanakuwa marafiki haraka sana. Afu taratibu Hedy anaanza kuvaa kama Allie, kuongea kama Allie, kuchunguza nani anampigia Allie simu, mpaka unafika mahali hujui tena mipaka yao iko wapi.

Nasisitiza kitu kimoja, hii si stori ya kichaa aliyevunja mlango akaingia. Hedy alikaribishwa, na kwa wiki za mwanzo alikuwa ndo rumeti bora kuliko wote. Hapo ndo hofu yote inapotoka.

Nani staringi na nani adui?

Staringi ni Bridget Fonda, anacheza Allie. Ni mtoto wa Peter Fonda na mjukuu wa Henry Fonda, Jane Fonda ni shangazi yake. Aliacha kuigiza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndo maana vijana wengi hawamjui. Adui ni Jennifer Jason Leigh, anacheza Hedy, huyu ndo yule aliyekuja kuchaguliwa kugombea Oscar kwa The Hateful Eight ya 2015. Sam ni Steven Weber.

Kuna wengine wawili mtawatambua kwa sura. Jirani wa juu, Graham, ni Peter Friedman, kama uliangalia Succession basi ndo yule mzee Frank, hapa bado kijana. Na mteja wa Allie, bosi wa fasheni anayeitwa Mitchell Myerson, ni Stephen Tobolowsky.

Jina la muvi lina maana gani, na kwanini wametaja rangi?

Linatoka kwenye matangazo madogo ya magazeti ya Marekani. Ukilipa kwa mstari unabana maneno, kwa iyo watu walijieleza kwa herufi tu, SWF ni mwanamke mzungu ambaye hajaolewa, anayejieleza hivo ni mwenye tangazo. Ilikuwa kawaida zaidi kwenye matangazo ya kutafuta wapenzi. Kwenye nyumba, sheria ya Marekani tangu 1968 inakataza tangazo linalobagua kwa rangi, ila hiyo mada muvi haiigusi kabisa.

Ni stori ya kweli?

Hapana. Imetoka kwenye riwaya ya John Lutz iliyotoka 1990, inaitwa SWF Seeks Same, afu Don Roos ndo akaandika skripti. Watu wanadhani ni ya kweli kwa sababu karibu kila aliyewahi kukaa na mtu asiye ndugu yake ana kastori kake kanakofanana na nusu ya kwanza ya hii muvi. Nusu ya pili ni ya kubuni na inaonekana ni ya kubuni.

Inatisha kiasi gani? Naweza kuangalia na wazazi au watoto?

Na watoto hapana. Marekani ilipewa R, yaani wa chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima. Kuna watu kuwa uchi mara kadhaa, kuna matendo ya chumbani, kuna bosi anamshika mfanyakazi kwa nguvu, kuna mauaji ya damu, moja wapo baya sana, na kuna mbwa mdogo anakufa. Kuna pia sehemu mtu analazimishwa ajiue, kama hiyo mada iko karibu na wewe jiandae au iache.

Na wazazi, kwa kweli usijaribu, kuna dakika sebule nzima itakuwa inatafuta rimoti.

Ila si horo ya mashetani. Inatisha kwa namna ya kukubana polepole, dakika zaidi ya 60 za mwanzo damu karibu hakuna. Kama wewe ni mtu wa kutaka watu wafe kila dakika kumi utaona inachelewa.

Ni ndefu kiasi gani?

Dakika 107.

## Waliotengeneza na mahali ilipopigwa

Dairekta ni nani?

Barbet Schroeder, na hapa watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumjua. Ni Mswisi aliyezaliwa Tehran mwaka 1941, na kabla hajafika Hollywood ndo yeye aliyekuja Uganda kupiga dokumentari ya Idi Amin, ile ya 1974 ambayo Amin mwenyewe aliamini inapigwa kwa ajili ya kumsifia. Amin anaonekana humo anacheka, anapiga akodiani, anawapigia stori tembo na mamba akiwa kwenye boti, anaongoza mazoezi ya kuvamia milima ya Golani iliyokuwa inashikiliwa na Israeli. Kuna kikao cha baraza la mawaziri anamsema waziri wake wa mambo ya nje mbele ya wenzake, na muda mfupi baadae waziri huyo anakutwa amekufa mtoni. Muvi ilipotoka Amin alitaka vipande fulani vikatwe, Schroeder akagoma, basi Amin akawakusanya raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda kwenye hoteli iliyozungukwa na wanajeshi, akawapa namba ya simu ya Schroeder wampigie wenyewe. Vikakatwa. Amin alipoanguka vikarudishwa.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu mi naamini huwezi kumwelewa Hedy bila kuijua hiyo. Schroeder ni mtu ambaye hakimbilii kukwambia huyu mbaya. Anamweka mtu hatari mbele ya kamera, anamwacha aongee, acheke, avutie, na wewe mwenyewe unajikuta umempenda kidogo kabla hujagundua uko na nani. Kwa Amin alifanya hivo, kwenye Reversal of Fortune ya 1990 akafanya kwa tajiri aliyeshtakiwa kujaribu kumuua mke wake, muvi iliyompa Jeremy Irons Oscar na yeye Schroeder akachaguliwa kugombea ya udairekta. Muvi iliyofuata ndo hii. Hedy anapewa heshima ileile, nusu saa nzima unaruhusiwa kumpenda.

Lile jengo lipo kweli?

Lipo mpaka leo. Linaitwa Ansonia, liko Broadway kati ya mtaa wa 73 na wa 74, upande wa magharibi wa Manhattan. Lilianza kujengwa 1899 likaisha 1904, likiwa hoteli ya watu kukaa moja kwa moja. Aliyelijenga, Stokes, aliwahi kufuga kuku, bata na mbuzi juu ya paa mpaka watu wa afya wa jiji wakaja kufunga hiyo shughuli mwaka 1907. Wamekaa humo kina Babe Ruth wa besiboli na mtunzi wa muziki Stravinsky.

Ukitembea kidogo kutoka hapo unafika Dakota, jengo lililoonekana kwa nje kwenye Rosemary's Baby ya 1968, na ambalo John Lennon alipigwa risasi mlangoni kwake mwaka 1980. Ule ukanda una majengo ya namna hiyo, mazito, makorido marefu, na kwenye hii muvi jengo linafanya kazi kama mhusika. Lifti ya kizamani ya vyuma, ngazi zinazozunguka, besimenti yenye mabomba, na hasa matundu ya hewa. Sauti ya bafuni inasikika nyumba ya juu na ya juu inasikika chini. Angalia swali la Graham kwenye kundi la tatu utaona kwanini nimeyataja.

Mbona picha yake ina ule mwanga wa ajabu?

Mpiga picha ni Luciano Tovoli, Mwitaliano aliyepiga Suspiria ya 1977, yule mzee anajua rangi. Angalia mchana wa ile apatimenti mwanzoni, kuna hewa na mwanga wa kutosha, afu angalia nyumba hiyohiyo kuelekea mwisho, korido imekuwa refu na kona zimekuwa nyeusi, na hakuna ukuta uliohamishwa. Muziki ni wa Howard Shore, miaka tisa hivi kabla ya Lord of the Rings.

Ilifanya vizuri sokoni?

Ilitoka Marekani Agosti 14, 1992. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 16 na ikaingiza karibu milioni 48 Marekani peke yake. Jennifer Jason Leigh akachukua tuzo ya MTV ya adui bora mwaka 1993. Wachambuzi waligawanyika, wengi walisema kitu kilekile ambacho watazamaji wanasema mpaka leo, kwamba waigizaji ni wakali na mwisho unaharibika, hilo lina swali lake chini.

## Hapa kila kitu kinatajwa

Dalili ya kwanza ilikuwa ipi?

Watu wengi wanasema mbwa, wengine wanasema nywele. Kwangu ni ujumbe wa simu. Sam anapiga, anaacha ujumbe kwenye mashine anaomba warudiane, Hedy anausikia yuko peke yake, anaufuta. Hakuna muziki wa kutisha, ni kidole kimoja kwenye kitufe kimoja. Kuanzia hapo maisha ya Allie yanaendeshwa na mtu mwingine na yeye hajui, kila uamuzi anaoufanya kuhusu Sam anaufanya bila kujua kwamba Sam ameomba msamaha.

Na ukiirudia mara ya pili utaona na kingine, Hedy ameleta mbwa bila kuuliza. Zawadi nzuri kabisa, mbwa anaitwa Buddy, nani atakataa mtoto wa mbwa? Lakini ni uamuzi wa nyumba nzima uliofanywa na mtu aliyehamia juzi, na Allie anaupokea kwa sababu umekuja kwa upendo.

Ile sini ya saluni kwanini kila mtu anaizungumzia?

Kwa sababu haina kisu wala damu na ndo inayotisha kuliko zote. Wameenda saluni wote. Allie yuko chini anasubiri, Hedy anashuka ngazi, na nywele zake ni zilezile, rangi nyekundu ileile, mkato uleule mfupi. Anatabasamu, ana furaha ya kweli, anasubiri asifiwe.

Mwangalie Bridget Fonda hapo, ile sura yake. Hapigi kelele. Anatafuta neno la kusema na hana, maana utamwambia nini mtu aliyekata nywele? Hakuna kosa alilofanya ambalo unaweza kumshtaki nalo. Baada ya hapo anaenda kwenye kabati la Hedy anakuta nguo zinazofanana na zake, na usiku anamfuatilia mpaka klabu ya chini kwa chini anamsikia akijitambulisha kwa jina la Allie. Kwa iyo nywele ndo mlango, kila kitu kingine kinapitia hapo.

Buddy alikufaje?

Alianguka kutoka dirishani. Muvi haikupi maelezo ya mahakamani, inakuacha ujaze mwenyewe, na kwa wakati ule Hedy tayari alikuwa na kinyongo kwa sababu Allie na Sam wamerudiana na hata mbwa alikuwa anaelekea kwa Allie. Mi sina shaka ni Hedy. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kifo cha Buddy kinamrudisha Allie karibu na Hedy, anamwonea huruma, ndo faida Hedy aliyoipata.

Pacha wake ilikuwaje?

Hedy anamwambia Allie alikuwa na pacha aliyezaliwa amekufa. Uongo. Allie anakuja kufungua boksi la viatu la Hedy, anakuta barua zenye jina lingine kabisa, Ellen Besch, ambalo ndo jina halisi la Hedy, na kipande cha gazeti kinachosema pacha alizama majini wakiwa watoto. Kwa iyo waliishi pamoja, walikua pamoja, afu mmoja akafa na mwingine akabaki.

Sasa rudi kwenye dakika ya kwanza ya muvi, wale watoto wawili wa kike wanaofanana mbele ya kioo wanajipaka lipstiki. Ukiiona mara ya kwanza unaipita tu. Ukishajua, unaelewa kwamba Hedy haigi kwa wivu wa kawaida, anatafuta kusimama tena mbele ya kioo na mtu anayefanana nae.

Hedy alikuwa anampenda Allie kimapenzi?

Hili linaleta ubishi mkubwa. Kuna ukaribu wa mwili kati yao na Schroeder hauogopi, lakini mi naona ukimwita Hedy shoga umemfupisha. Anachotaka hakina jina la kawaida, hataki kuwa na Allie tu, anataka wawe mmoja, Sam akiingia katikati ni adui, mbwa akiingia katikati ni adui, Graham pia. Wapo walioikosoa muvi kwamba ilitumia harufu hiyo ya mapenzi ya jinsia moja kumfanya adui aonekane wa kutisha zaidi, na kwa muvi za Marekani za mwaka ule malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Upande wa pili, mtu mwema kuliko wote humu ndani ni Graham, na Graham ni shoga anayeonyeshwa kama jirani wa kawaida mwenye akili zake. Vyote viwili viko kwenye muvi moja.

Hedy ana ugonjwa gani wa akili?

Muvi haitaji ugonjwa wowote, hakuna daktari anayekuja kutoa maelezo. Watu mtandaoni wanapenda kumpa jina, mara nyingi wanataja ule ugonjwa wa haiba wa kuogopa sana kuachwa, na ni kweli baadhi ya mambo yanafanana, kumpandisha mtu juu sana afu kumshusha ghafla, kukosa kujijua wewe ni nani. Ila naomba sana watu wawe makini hapa. Wenye ugonjwa huo kwenye maisha halisi wengi wanajiumiza wenyewe kuliko kuumiza mwingine, na wapo wanaotibiwa wakapata nafuu kubwa. Kuchukua Hedy ukamfananisha na mtu unayemjua anayehangaika ni kumwonea. Hedy ni mhusika wa thrila.

Kinachoonekana wazi bila udaktari ni msiba ambao haujawahi kuombolezwa, na hatia ya mtu aliyebaki hai.

Kwanini Allie hakumfukuza mapema?

Swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote. Jibu ni kwamba kila tukio likisimama peke yake ni dogo. Mbwa, zawadi. Kuvaa nguo zinazofanana, mambo ya marafiki. Nywele, basi ananipenda sana. Kukaa macho kumsubiri Allie arudi usiku, anajali. Unamfukuza mtu kwa lipi? Na Allie ametoka kuumizwa na mwanaume aliyemdanganya, huyu wa kike ndo aliyemshika mkono wakati huo, kumwambia ondoka ni kukiri kwamba umeteua vibaya mara mbili mfululizo.

Afu kuna kitu muvi inakisema kwa chini sana. Allie alifaidika. Myerson, yule bosi, alipojaribu kumbaka, aliyempigia simu kumtisha ni Hedy. Kuna mtu anakupigania, anakupikia, anakusikiliza, na wewe unajua ndani kuna kitu hakiko sawa ila unakula matunda yake. Bila hilo Allie angekuwa mjinga tu, na si mjinga.

Sam aliuawaje, na ile ya kiatu imekaaje?

Hedy anaenda hotelini kwa Sam usiku akiwa na sura ya Allie, giza, jamaa yuko usingizini nusu, anadhani ni mchumba wake. Anapogundua siye, wanagombana, Sam anasema atamwambia Allie kila kitu, na Hedy anampiga na kisigino cha kiatu, kile chembamba kirefu, kikamwingia jichoni. Allie anajua kupitia taarifa ya habari kwenye TV.

Hapo ndo muvi inapobadilisha gia. Mpaka dakika ile unaangalia mtu anayeibiwa maisha kidogo kidogo, kuanzia hapo unaangalia muvi ya muuaji.

Graham alikufa?

Hapana, na wengi wanachanganya hapa. Allie anaenda kwake juu kumweleza kuhusu boksi la viatu, na Hedy akiwa bafuni chini anasikia kila neno kupitia tundu la hewa. Hedy anaenda kumpiga Graham na chuma, wewe mtazamaji unaamini kafa. Anazinduka baadae, dhaifu, damu usoni, na ndo anayemvaa Hedy wakati Allie anakaribia kumalizwa. Anayekufa kwa risasi ni Myerson, aliyekuja mwenyewe kwenye apatimenti akamkuta Allie amefungwa.

Mwisho ulikuwaje na ile picha ya sura mbili ina maana gani?

Hedy anataka ionekane Allie ndo aliyemuua Sam afu akajiua kwa vidonge. Haifanikiwi. Wanafukuzana mpaka besimenti, Allie anajificha, anamvamia kwa nyuma na bisibisi mgongoni. Hedy anafia hapo.

Baadae Allie anarudi kwenye apatimenti, anaongea kwa sauti ya kusimulia, anasema amemsamehe Hedy kwa kifo cha Sam na anajitahidi kujisamehe mwenyewe. Hapo anachokibeba ni mzigo uleule aliokuwa nao Hedy, wa kuwa ndo uliyebaki. Afu inaonyeshwa picha ambayo Hedy aliitengeneza, nusu sura yake nusu ya Allie, zimeunganishwa kuwa mtu mmoja.

Nijuavyo mimi hiyo picha haisemi Allie amekuwa kichaa wala part two inakuja. Inasema Hedy alipata sehemu ya alichotaka, Allie atambeba maisha yake yote.

Kwanini watu wanasema nusu saa ya mwisho imeharibu?

Kwa sababu mtu aliyekuwa anatisha kwa kufuta ujumbe mmoja wa simu sasa anakimbizana na watu akiwa na chuma na bunduki, na aina hiyo ya mwisho ilishaonekana kwenye muvi nyingi za miaka ile, za mpangaji, za yaya, za polisi, kila mtu alikuwa na mgeni wake mbaya. Nakubaliana na lawama kwa sehemu kubwa. Jennifer Jason Leigh ndo anaiokoa, hata akiwa ameshika bunduki bado ana ile sauti ndogo ya kuomba asiachwe, hamwachi Hedy wa mwanzo afe.

## Maswali ya pembeni

Kuna part two? Na The Roommate ndo hiyohiyo?

Kuna Single White Female 2: The Psycho ya 2005, ilitoka moja kwa moja kwenye DVD, wahusika wapya kabisa, hakuna hata mmoja wa zamani. Unaweza kuiruka bila kupoteza kitu. The Roommate ya 2011 yenye Leighton Meester na Minka Kelly haijatangazwa kama marudio rasmi lakini stori ni ileile imehamishiwa hosteli ya chuo Los Angeles, imelainishwa iweze kuangaliwa na vijana. Imechukua vitendo vya Hedy ikaacha sababu zake.

Zama za simu janja hii stori ingewezekana?

Ujumbe wa kufutwa ungebadilika, Sam angetuma meseji kwenye simu ya Allie mkononi. Na ungemsachi Hedra Carlson mtandaoni ungeona jina halina mtu nyuma yake. Lakini kuiga mtu kumekuwa rahisi mara mia, picha zako ziko nje, nguo zako ziko nje, marafiki zako wote wako nje. Hedy wa leo asingehitaji hata kuhamia kwako. Tofauti ni kwamba kwenye muvi kuna kuta, kuna bafu moja na friji moja, na ule ukaribu wa mwili ndo unaoleta kubanwa pumzi.

Muvi inawaonea wanawake?

Inajadiliwa. Mwanamke asiye na mume, mwenye kazi yake, anaadhibiwa kwa kuishi bila mwanaume, hiyo ni tafsiri moja na ina nguvu. Ila angalia wanaume wa humu. Sam anadanganya, Myerson anashusha bei ya kazi ya Allie afu anataka mwili wake. Hedy anaingia kwenye nafasi ambayo hao wameiacha wazi. Sidhani muvi yenye wanaume wa namna hiyo inamwambia mwanamke arudi kwao.

Nina rumeti anayeniiga, niogope?

Kuiga peke yake si tatizo, watu wakikaa pamoja wanafanana kuongea na hata kuvaa, kawaida. Kinachofaa kukushtua ni kile ambacho Hedy alianza nacho, kukuamulia. Mtu anayepokea simu zako na hakwambii, anayekuelezea vibaya kila mtu wako wa karibu mpaka unabaki nae yeye tu, anayetumia jina lako au vitu vyako kwa watu usiowajua. Hapo mwambie mtu mwingine mapema, ndugu, mwenye nyumba, rafiki, na usimwambie ukiwa sehemu ambayo mhusika anasikia. Ikifika vitisho nenda polisi.

Nimeshasoma yote haya, bado inafaa kuiangalia?

Inafaa, na pengine ni bora zaidi. Ukijua mwisho unaacha kumsubiri muuaji na unaanza kumwangalia Hedy. Anza na sini ya kwanza anapokuja kuiona nyumba, mwangalie macho tu, anavyoitazama ile apatimenti kwa haraka halafu anavyomtazama Allie kwa muda mrefu.